Bunduki za Maniema: Mtutu Laini na Mtutu wa Mifereji

Siku moja tulikuwa safarini kutembelea vijiji vya parokia, kando ya mto Lualaba, kaskazini ya Kindu. Jioni, baada ya sala, mzee mmoja mwindaji alikuja kuketi nasi barazani. Bunduki yake ilikuwa mapajani, na mkononi alishika boksi la kartushi aliloletewa na mwanawe kutoka mbali. Akatuuliza, “Mwalimu, wewe umesoma vitabu. Nieleze neno hili. Bunduki ya askari humpata mtu aliye mbali kule ng'ambo. Hii yangu, nikimpiga nyama aliye karibu na ule mwembe, risasi yapita kando. Je, ni macho yangu yamezeeka, ama askari wana dawa?”

Tukamjibu, “Mzee wetu, si macho, wala si dawa. Ni tumbo la bunduki.”

Yeye akacheka. Lakini tulipofungua lile boksi tukaona kwamba jambo si la kucheka, maana kartushi zile hazikuwa za bunduki yake. Ili kumweleza kwa nini, ilitubidi kurudi nyuma miaka mia na zaidi, mpaka siku za Nyangwe na Kasongo. Mazungumzo yale yalichukua usiku mzima. Hapa twayaandika kwa ufupi, kwa kuwa neno lililomsumbua mzee yule liliwasumbua babu zetu pia, nao walilipa kwa damu.

Tumbo la bunduki

Mitutu ya bunduki ni ya namna mbili. Mtutu wa kwanza ni laini ndani, kama mwanzi uliotobolewa vizuri. Mtutu wa pili umechongwa ndani mifereji midogo. Mifereji hiyo hainyoki, bali huzunguka polepole toka nyuma hata mdomoni, kama mmea utambaao unavyouzunguka mti. Risasi ikisukumwa katika mtutu huo hubanwa na mifereji, nayo hulazimika kuzunguka. Basi hutoka mdomoni ikizunguka upesi sana.

Mtu akiuliza, “Kuzunguka kwafaa nini?” na aitazame pia ya watoto. Pia isiyozunguka huanguka ubavu. Pia inayozunguka husimama juu ya msumari wake, hata ukiisukuma kidogo haianguki. Na risasi ni vivyo hivyo. Ikizunguka, ncha yake hubaki mbele, nayo hushika njia yake mpaka mbali.

Sasa tutazame mtutu laini wa zamani. Risasi yake ilikuwa kidonge cha mviringo. Ilipaswa kuwa ndogo kidogo kuliko mtutu, ili ishindiliwe upesi kwa mdeki hata kama ndani mmejaa masizi ya baruti. Lakini nafasi ile ndogo ndiyo iliyoharibu mambo. Baruti ilipowaka, kidonge kiligonga ukuta huu na ukuta ule, na pigo la mwisho liliamua kitaelekea wapi. Tena kilitoka kikijizungusha ovyo, na hewa ikakisukuma kando. Mwingereza mmoja, Benjamin Robins, alieleza jambo hilo katika kitabu mwaka 1742. Kwa hatua 50 mpigaji hodari aliweza kupata alichokilenga. Kwa hatua 100 alihitaji bahati. Kupita hapo alikuwa akipoteza baruti.

Mbona basi majeshi hayakutumia mifereji tangu mwanzo? Mafundi wa Ulaya waliijua tangu zamani sana, na wawindaji wao waliitumia. Lakini risasi ya kuingia mifereji ilipaswa kubana, na kuiingiza kwa mdomo wa bunduki kulitaka nguvu na kugongagonga. Adui hangoji mtu agonge. Ndipo mwaka 1849 Mfaransa Claude-Étienne Minié alipofanya risasi ndefu yenye shimo nyuma. Iliingia kwa urahisi, na baruti ilipowaka, nyuma yake ilipanuka ikashika mifereji. Baada ya miaka michache majeshi ya Ulaya yaliacha mitutu laini. Kisha zikaja bunduki za kujazwa kwa nyuma, kwa kartushi yenye risasi, baruti na fataki pamoja.

Je, zile bunduki za zamani, maelfu na maelfu, zilitupwa? Hapana. Ziliuzwa Afrika. Tena mafundi wa mji wa Liège, katika Ubelgiji, waliendelea kutengeneza bunduki za mtutu laini za bei ndogo, kwa ajili ya biashara ya huku kwetu. Tuushike moyoni mji huo na nchi hiyo, kwa maana tutaikuta Ubelgiji tena mbele.

Gobori zaingia Maniema

Bunduki za kwanza kuonekana Maniema zilitoka upande wa mashariki. Wafanyabiashara wa pwani na wa Unguja walivuka ziwa Tanganyika wakitafuta pembe za ndovu, na pamoja na pembe walichukua watumwa. Wafuasi wao waliitwa Waungwana, nao ndio waliotuachia lugha hii ambayo huku Kongo iliitwa Kingwana. Kabla ya mwaka 1871 walikuwa wamekwisha kufika Nyangwe, penye soko kubwa kando ya Lualaba. Baadaye Kasongo ukawa mji wao mkuu.

Bunduki walizochukua zilikuwa hasa gobori, yaani bunduki za kushindiliwa kwa mdomo. Nyingine zilikuwa gumegume, ambazo jiwe hugonga chuma likatoa cheche. Cheche huwasha baruti kidogo iliyo nje, na moto hupita katika tundu mpaka baruti iliyo ndani. Nyingine zilikuwa za fataki, ambazo nyundo hugonga kifuniko kidogo cha shaba. Karibu zote zilikuwa na mtutu laini. Mvua ikinyesha juu ya gumegume, mwenyewe hubaki na fimbo tu. Mlio wake ni mkubwa na moshi wake ni mwingi.

Mlio huo ulimpa jina mtu mashuhuri kuliko wote wa siku zile. Hamed bin Muhammed el Murjebi alizaliwa Unguja yapata mwaka 1837. Twamjua kwa jina la Tippu Tip. Yeye mwenyewe, katika habari za maisha yake, alisema kwamba watu walimwita hivyo kwa kufuata mlio wa bunduki zake. Wengine husema jina lilitokana na kupepesa kwake macho. Mwaka 1867 alimshinda Nsama, mfalme mwenye nguvu wa Itabwa, na katika vita hivyo alipigwa mishale akapona. Baada ya miaka michache alifika Maniema, akakaa Kasongo kama mfalme.

Tuseme kweli juu ya mishale. Msituni mtu haoni mbali. Mshale wa mtu hodari hufika mahali pale pale gobori inapoweza kupata kwa hakika, tena mshale hauna mlio, wala hauogopi mvua, na mpiga upinde hutoa mishale kadhaa wakati mwenye gobori angali akishindilia. Kama ni mtu mmoja kwa mtu mmoja, mtutu laini haukuwa na faida kubwa mno. Faida ilikuwa katika wingi wa bunduki pamoja, katika mlio na moshi vilivyotia hofu, na katika kupiga watu waliosongamana.

Soko la Nyangwe

Neno hili la kusongamana laeleza msiba wa Nyangwe. Tarehe 15 Julai 1871 kulikuwa na watu kama 1,500 sokoni, wengi wao wanawake waliovuka mto na vyakula vyao. Daktari David Livingstone alikuwapo, naye aliandika aliyoyaona. Watu watatu waliingia sokoni na bunduki. Mmoja wao alibishana na muuzaji juu ya bei ya kuku. Mara bunduki zikalia katikati ya watu. Wengine wa kundi lile, waliokuwa karibu na mitumbwi, wakawapiga wale waliokimbilia mtoni. Wengi walikufa kwa risasi, na wengi zaidi walizama majini. Waarabu wenyewe walihesabu kati ya watu 330 na 400, na Livingstone alidhani kwamba hesabu kamili haitajulikana kamwe.

Mtutu laini ni dhaifu kwa mbali, lakini sokoni hakuna mbali. Mama aliyeinama juu ya kapu la mihogo hapigwi kwa shabaha. Livingstone aliandika habari zile, nazo zilipofika Ulaya watu wengi walishtuka. Huo ulikuwa mwanzo mmojawapo wa mambo tutakayoyasimulia sasa.

Sheria iliyotazama ndani ya mtutu

Mwaka 1888 Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Mapadri Weupe, alizunguka miji ya Ulaya akihubiri juu ya biashara ya watumwa katika Afrika. Alihubiri Paris mwezi wa Julai, na Bruxelles mwezi wa Agosti, katika kanisa kuu la Mtakatifu Gudula. Mwaka uliofuata, mwezi wa Novemba 1889, wajumbe wa serikali 17 walikutana Bruxelles, na Sultani wa Unguja akiwa na mjumbe wake. Walimaliza kazi tarehe 2 Julai 1890 wakatia sahihi mkataba.

Wengi wetu tumesikia kwamba mkataba ule ulikataza biashara ya watumwa. Wachache wamesikia kwamba ulisema pia habari za mitutu. Wajumbe waliona kwamba bunduki ndiyo nguvu ya mteka watumwa. Wakapima sehemu ya Afrika, toka digrii 20 kaskazini ya ikweta hata digrii 22 kusini, na katika nchi hizo wakakataza kuingiza bunduki na baruti, hasa zile za mifereji na za namna mpya. Serikali zilijiachia bunduki kwa askari wao, na msafiri aliyeaminiwa aliweza kupewa ruhusa kwa ajili ya kujilinda. Bunduki iliyoweza kuuzwa kwa watu wa kawaida, tena mahali serikali iliporuhusu tu, ilikuwa gumegume ya mtutu usiochongwa mifereji, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara.

Tutafakari kidogo hapa. Nia ya kuwafungua watumwa ilikuwa njema. Lakini sheria ile iligawa watu kwa tumbo la bunduki. Mifereji ikawa ya serikali, na ulaini ukawa wa raia. Mtu hakuweza kuwa na bunduki iliyo sawa na ya anayemtawala. Katika Kongo, serikali iliyopewa mifereji hiyo ilikuwa ya mfalme Leopold wa Pili, na baadaye dunia nzima ilijua jinsi askari wake walivyowatesa watu kwa ajili ya mpira na pembe, mpaka mwaka 1908 Ubelgiji ulipomnyang'anya nchi ile. Waliohubiri katika makanisa ya Ulaya hawakuyataka hayo. Lakini mwenye kumnyima mwizi panga, akampa mlinzi mapanga yote bila kumchunga mlinzi, asishangae akiibiwa na mlinzi.

Vita vya mwaka 1892 hata 1894

Mwaka 1887 Leopold alikuwa amemfanya Tippu Tip liwali wa Stanley Falls, mahali paitwapo leo Kisangani. Mwaka 1890 Tippu Tip alirudi Unguja, wala hakuja tena Kongo. Alimwacha mwanawe Sefu huko Kasongo. Lakini serikali na Waarabu waligombania pembe zile zile, na amani haikuweza kudumu. Mwezi wa Mei 1892 wakala mmoja wa biashara, Arthur Hodister, aliuawa karibu na Riba-Riba, ambapo leo huitwa Lokandu, kaskazini ya Kindu. Vita vikawaka katika nchi yote.

Askari wa serikali, walioitwa Force Publique, walikuwa na bunduki ya Albini. Jeshi la Ubelgiji lilikuwa limeichagua mwaka 1867. Mtutu wake ulikuwa wa mifereji, upana wa milimita 11, nayo ilijazwa kwa nyuma, kartushi moja moja. Kwa Ulaya ya mwaka 1892 ilikuwa bunduki ya kizamani. Kwa Maniema ilikuwa jambo jipya. Askari wa Albini aliweza kulala chini nyuma ya gogo na kujaza bunduki yake hapo hapo. Mwenye gobori alipaswa kusimama ili ashindilie, na kusimama vitani ni kuonekana. Risasi ya Albini ilifika mbali mara kadhaa kuliko kidonge cha gobori, nayo ilifika ikiwa na shabaha.

Basi twaona jambo la ajabu. Nchi ile ile, Ubelgiji, ilitengeneza gobori laini zilizouzwa kwa Waafrika, na ikawapa askari bunduki ya mifereji iliyozishinda.

Kiongozi wa jeshi la serikali alikuwa Francis Dhanis. Tarehe 4 Machi 1893 aliingia Nyangwe, na tarehe 22 Aprili akaingia Kasongo. Sefu alikufa vitani kabla ya mwaka ule kwisha. Mwezi wa Januari 1894 Rumaliza, mkuu wa Waarabu wa Ujiji, alishindwa akakimbia. Tippu Tip mwenyewe alifariki Unguja mwaka 1905.

Tulipofika hapa, mzee wetu alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema, “Kumbe wazee walipigwa kwa sababu ya mifereji tu? Sisi tuliambiwa tangu utoto kwamba Bula Matari alikuwa na dawa, na kwamba watu wa zamani walikuwa waoga.”

Tukamwambia kwamba hawakuwa waoga, wala Bula Matari hakuwa na dawa. Lakini tusiseme pia kwamba mifereji peke yake ilishinda. Gongo Lutete, mkuu wa Ngandu, aliyekuwa kwanza mtu wa Tippu Tip, alihamia upande wa serikali mwaka 1892 pamoja na maelfu ya watu wake. Bila hao, askari wachache wa Dhanis wasingalifika Nyangwe. Na malipo ya Gongo Lutete yalikuwa nini? Tarehe 15 Septemba 1893, huko Ngandu, maofisa walimhukumu kuwa mhaini wakampiga risasi.

Bunduki haina ukoo

Mambo hayakuishia hapo. Baadhi ya watu wa Gongo Lutete walikuwa wamefanywa askari, nao walikuwa na bunduki zile zile za Albini. Mwezi wa Julai 1895, huko Luluabourg, ambapo leo ni Kananga, askari waliasi. Mwaka 1897 wengine wakaasi katika safari ya Dhanis mwenyewe, kaskazini mashariki. Safari hii mifereji ilikuwa pande zote mbili, na serikali ilipata taabu kwa miaka mingi kuwashinda waasi. Hapo ikaonekana wazi kwamba siri haikuwa katika rangi ya mtu.

Na sisi watu wa Kindu twajua kwamba bunduki bora haimfanyi mtu kuwa bora. Tarehe 11 Novemba 1961 wanahewa 13 wa Italia, waliokuwa wakilitumikia Shirika la Umoja wa Mataifa, waliuawa na askari katika mji wetu. Hawakuwa vitani, wala hawakuwa na silaha. Ilikuwa miaka 90 tangu siku ya Nyangwe. Bunduki zilikuwa zimebadilika sana, lakini kosa lilikuwa lile lile la kumpiga asiyeweza kujilinda.

Kartushi za mzee

Sasa turudi barazani, kwa boksi la mzee. Bunduki yake ilikuwa ya kisasa kuliko gobori: bunduki ya kukunjwa, ya kartushi, ambayo wawindaji huita kalibri 12. Watu wengi hudhani 12 ni milimita. Sivyo. Chukua ratli moja ya risasi, yaani gramu 454, uigawe vidonge 12 vilivyo sawa. Kidonge kimoja upana wake ni milimita 18 na nusu, na huo ndio upana wa mtutu wa kalibri 12. Ukiigawa vidonge 20, utapata vidonge vidogo zaidi. Kwa hiyo kalibri 20 ni nyembamba kuliko kalibri 12.

Mtutu wa bunduki hiyo kwa kawaida ni laini, kama wa gobori. Umefanywa kwa marisau, yaani chembe nyingi za risasi kwa ndege na nyama wadogo. Mifereji ingezitawanya ovyo. Lakini kwa nyama mkubwa, kama nguruwe wa mwitu, mwindaji hutaka risasi moja nzima. Mtutu laini hauwezi kuizungusha. Basi itashikaje njia?

Wajerumani walipata jibu kwanza. Mwaka 1898 Wilhelm Brenneke alifanya risasi nzito ya chuma cha risasi, akaifungia mkia mwepesi nyuma. Mwaka 1931 Mmarekani Karl Foster alifanya nyingine, yenye uzito mbele na shimo kubwa nyuma. Zote mbili hufuata akili ya mshale. Mshale hauzunguki kwa mifereji ya upinde. Huenda ncha mbele kwa sababu uzito uko mbele, na nyuma kuna manyoya mepesi. Hivyo babu zetu, waliotia manyoya katika mishale yao, walikuwa wakiijua elimu hii kabla ya Brenneke.

Risasi hizo zina matuta ya mshazari ubavuni, na wauzaji hupenda kusema kwamba matuta huzungusha risasi. Ukweli ni kwamba huizungusha kidogo sana. Kazi yake kubwa ni kuiacha risasi ijibane ipite mahali palipo pembamba karibu na mdomo wa bunduki.

Kartushi za mzee zilikuwa za namna ya tatu. Ndani yake mlikuwa na risasi nyembamba iliyovikwa koti la plastiki. Koti hilo hushika mifereji, huzunguka pamoja na risasi, kisha huachana nayo hewani. Zimefanywa kwa bunduki za kalibri 12 zenye mtutu wa mifereji, zinazotumika sana Marekani, nazo hupata vizuri hata mita 100 na zaidi. Katika mtutu laini hakuna kinachozizungusha. Risasi hutoka ikipinduka kama kijiti kilichotupwa, na hakuna ajuaye itapiga wapi. Ndiyo maana mzee alikosa hata karibu na mwembe. Macho yake yalikuwa mazima.

Tukampa mashauri haya, nanyi wasomaji mnaowinda kwa ruhusa myashike.

Kwanza, ijue bunduki yako. Hakikisha haina kartushi, ikunje, kisha tazama mwanga kupitia mtutu toka nyuma. Ukiona uso unang'aa sawasawa kama kioo, ni laini: nunua risasi ya namna ya Brenneke au ya Foster. Ukiona mistari inayozunguka, ni mifereji: hapo risasi ya koti la plastiki yafaa. Risasi ya Foster katika mifereji itapita, lakini huacha uchafu wa risasi ndani, na shabaha huharibika.

Pili, soma yaliyoandikwa juu ya mtutu na juu ya boksi. Kartushi ya milimita 76 isitiwe katika bunduki iliyochimbwa kwa milimita 70, wala ya 70 katika bunduki ya zamani ya milimita 65. Kartushi ya kalibri 20 isichanganywe kamwe na za 12, maana huteleza ikakwama ndani ya mtutu, na ukitia nyingine nyuma yake, bunduki hupasuka.

Tatu, usifue risasi yako mwenyewe kwa bunduki ambayo mdomo wake umebanwa. Kidonge kikubwa hukwama hapo, na mtutu huvimba au hupasuka.

Nne, na hili ni la kufa na kupona: wenye gobori wasifungue kartushi za kisasa au za askari ili kupata baruti. Baruti nyeusi ya zamani na baruti ya leo isiyo na moshi si ndugu. Mtutu wa gobori hauwezi kuvumilia nguvu ya hii mpya. Wako wawindaji waliopoteza vidole na macho kwa kosa hilo.

Tano, jaribu bunduki kabla ya kuwinda. Bandika karatasi mahali salama penye kilima nyuma, upige kwa mita 25, kisha 50. Mahali risasi zinapoacha kukusanyika, hapo ndipo mwisho wa bunduki yako. Kwa mtutu laini wenye risasi njema, mita 50 ni kipimo cha busara. Lakini risasi iliyokosa haisimami hapo. Inaweza kumwua mtu shambani mita mamia mbele.

Sita, mjue nyama usiyeruhusiwa kumpiga. Tangu mwaka 2016 tuna mbuga ya taifa ya Lomami, sehemu yake ikiwa katika Maniema, na ndani yake kuwinda ni marufuku. Huko yuko nyani aitwaye lesula, ambaye watu wa msituni walimjua siku zote, lakini wataalamu walimwandika mwaka 2012 tu. Sokwe mkubwa na okapi nao hulindwa na sheria. Mtutu wowote ule, uwe laini au wa mifereji, hauna ruhusa kwa hao.

Alfajiri mzee aliondoka. Zile kartushi alizifunga tena katika boksi lake, ili mwanawe azirudishe. Bunduki aliitundika ukutani. Akasema, “Nitawaambia wajukuu kwamba wazee hawakuwa waoga.” Tukamwambia awaambie pia habari za kuku wa Nyangwe, ili watoto wajue yote mawili.